Breki Zikoje, Kapteni?

Mvua ya Kilanzi haina adabu. Hushuka mlimani bila kupiga hodi, ikaufunika uwanja wa ndege kuanzia mnara hadi mashamba ya chai, kisha ikakaa hapo kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Kapteni Tumpe Mwalwisi aliiona tangu mbali, akaguna.

"Ngozi inasemaje?" aliuliza.

Yoeli Sanga, rubani msaidizi wake, alikuwa ameshasoma kwenye kioo. "Maji milimita tano juu ya njia, Kapteni. Inashauri tuzunguke kidogo yapungue."

"Ngozi ni mwoga. Ingekuwa mtu ingekuwa inalala na taa."

Yoeli alicheka, kwa sababu aliyesema ni bosi. Lakini jicho lake lilibaki kwenye ile tano.

Ngozi ilikuwa njia yenyewe. Wajenzi wa uwanja ule walitandaza chini ya lami utando mwembamba unaohisi kila tone, kila chembe ya tope, kila tairi inayozunguka na kila tairi inayoteleza. Wakauwekea akili na sauti, ukawa unazungumza na ndege zinazokuja. Maji yakizidi milimita tatu, tairi inaweza kupanda juu yake na kuelea, na tairi inayoelea haijui breki ni kitu gani. Kila rubani wa milimani aliyajua hayo. Tumpe alikuwa akiyafundisha.

Alifundisha pia jinsi ya kutua juu ya maji. Gusa mapema. Gusa kwa nguvu. Bamiza chombo, tairi ipasue maji ifike kwenye lami, abiria wakilalamika waache walalamike. Aliwaambia wanafunzi wake hivyo huku akipiga meza kwa kiganja, paa, hadi vikombe vya chai viruke.

Mhudumu alichungulia mlangoni. "Kapteni, abiria wanauliza kama ni wewe. Nikawaambia ndiyo. Wameshajiandaa kupiga makofi."

Tumpe alitabasamu. Na hapo ndipo alipoharibu, kwenye lile tabasamu, kabla ya gurudumu lolote kugusa chochote. Maana kule Kilanzi walimwita Mama Yai. Walisema ndege yake haitui, inawekwa. Kuna watu walioahirisha safari zao ili wapande siku yake ya zamu. Mtu akizoeshwa sifa za namna hiyo huanza kuzitafuta hata mahali pasipo pake.

Alipofika juu ya mwanzo wa njia, aliinua pua ya ndege kidogo, akaiacha itafute ardhi yenyewe. Ndege ikapepea juu ya maji. Alama za mahali pa kutua zikapita chini yao, zikabaki nyuma.

"Tuko mbali, Kapteni," Yoeli alisema.

Wakagusa. Hakuna aliyesikia kitu, wala kikombe hakikutikisika. Tumpe akakanyaga breki, na breki haikujibu. Kanyagio lilitetemeka kidogo chini ya mguu wake, kisha likalegea, na ndege ikaendelea kwenda kwa kasi ileile. Alivuta injini zisukume kinyume hadi mwisho. Taa nyekundu za mwisho wa njia zilikuwa zinakuja. Nyuma ya taa zile kulikuwa na korongo.

Yoeli alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili.

Ndege ilisimama pua yake ikiwa imeshazipita taa. Maji yalikuwa yakitiririka kioo kizima, na kupitia maji hayo Tumpe aliona vilele vya mikaratusi iliyoota chini kule korongoni.

Nyuma, abiria walilipuka kwa makofi na vigelegele.

Kisha redio ikafunguka. Alikuwa Eufrasia Kibasa, mwongoza ndege, mwanamke mwenye sauti tulivu ambaye kwa miaka yote alikuwa akiuliza swali lilelile. "Karibu nyumbani, Mama. Breki zikoje?"

Tumpe alikuwa bado anahema. Aliona jasho kwenye mkono wake mwenyewe. Yoeli alimtazama.

"Nzuri," Kapteni Tumpe alisema.

* * *

Neno hilo lilikuwa na uzito. Uzito wa kupimwa kabisa.

Mwaka wake wa kwanza, Ngozi ilikuwa ikifunga uwanja kwa sababu ya majani ya mikaratusi, ya umande, hata ya kinyesi cha ng'ombe aliyepita asubuhi. Watu wakachoka nayo. Ndipo wataalamu walipoifundisha kuwasikiliza marubani. Kila rubani akitua aliulizwa breki, na jibu lake Ngozi ililichanganya na hisia zake. Rubani ambaye majibu yake yaliafikiana na ya wenzake aliongezwa uzito. Aliyetofautiana nao alipunguzwa. Wataalamu waliona ni busara: ukweli, walisema, uko pale wengi wanapokutana.

Walikuwa wataalamu wa lami. Tabia za watu hawakuzijua. Rubani akisikia kwamba aliyetangulia amesema nzuri, atasemaje mbaya? Aonekane hajui kazi? Aanze yeye kulialia redioni wakati Mama Yai katua dakika chache zilizopita bila kuamsha mtoto? Kwa hiyo naye husema nzuri, na anayemfuata nzuri, na wote wakaongezewa uzito kwa kuafikiana. Uzito wa Tumpe ulikuwa mkubwa kuliko wa rubani yeyote wa nyanda zile. Alipokwisha kusema, Ngozi ilinyamaza na kufuata.

Sasa, ndege ikiwa imeegeshwa, Tumpe alisimama chini ya bawa akiwaaga abiria. Walimshika mkono wote. Kapteni, Mungu akubariki. Kapteni, wewe si mwenzetu. Alijibu asante, asante.

Wa mwisho kushuka alikuwa mwanamke mnene mwenye trei la mayai kifuani. Mama Skola, muuza mayai. Tangu barabara ya Kilanzi ilipoporomoka, bidhaa zote zilipanda mlima kwa ndege, na mayai ya Mama Skola yalipanda na mwenyewe.

"Hebu tazama," alisema, akafunua kanga juu ya trei. "Hata moja halijapata ufa. Ndiyo maana mimi nauliza kwanza, leo anarusha nani? Wakitaja jina jingine narudi nyumbani." Akachagua mayai manne makubwa, akayafunga kwenye kitambaa, akamtia Tumpe mkononi. "Usikatae. Kukataa zawadi ni kunitukana."

"Asante, mama."

"Binti yangu yumo kwenye ndege inayofuata. Skola mwenyewe. Na kachanga kake. Anakuja kwangu kukaa uzazi." Alitazama mawingu. "Huyu anayekuja naye anajua kazi?"

"Anajua," Tumpe alisema. "Nimemfundisha mimi."

Mama Skola alicheka kwa furaha, akaenda kusubiri ukumbini.

Tumpe akageuka ili asiangaliwe, na macho yake yakaangukia tairi. Upande mmoja wa mpira kulikuwa na doa la mviringo, laini, lenye rangi ya uji. Alilijua. Tairi ikishikwa na breki huku haizunguki, maji chini yake huchemka yakawa mvuke, na mvuke huo huupika mpira. Fundi yeyote akipita hapo angeliona na kuelewa mara moja breki zilikuwaje.

Fundi mmoja alikuwa anakuja, ameinamisha kichwa kukwepa mvua. Na Kapteni Tumpe Mwalwisi, mwalimu wa marubani, alisogea hatua moja akasimama mbele ya lile doa, akalifunika kwa koti lake la mvua.

"Salama, Kapteni?" fundi aliuliza.

"Salama kabisa."

Fundi akapita. Tumpe alibaki amesimama palepale na mayai yake, na aibu ikampanda kuanzia magotini. Redioni amesema uongo kwa kushtukizwa. Huu wa sasa aliutengeneza kwa miguu yake mwenyewe.

Juu ya ukuta wa ukumbi kipaza sauti kilikoroma. Ulikuwa utaratibu wa Kilanzi peke yake: tangu barabara ikatike, watu walimwomba Eufrasia awasikilizishe redio ya mnara, ili kila mwenye ndugu angani ajue amefika wapi. Mazungumzo ya marubani yakawa yanasikika ukumbini, kwenye maegesho, hadi kwenye vibanda vya chipsi.

"Kilanzi, Nuhu Chaula hapa. Naanza kushuka. Nina abiria wamejaa, na mitungi ya oksijeni ya hospitali. Nipeni hali ya njia."

"Ngozi inatoa nzuri, Kapteni Chaula. Ametua Mama sasa hivi."

"Kama Mama amesema nzuri, mimi ni nani?" Kicheko chake kilijaa ukumbini, na watu walicheka naye.

Tumpe alipanda ngazi za ndege mbili mbili.

* * *

Yoeli alikuwa bado kitini, mkanda umefungwa. "Sijasema kitu kwa mtu," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe, Kapteni."

Tumpe hakuweza kumtazama. Aliyaweka mayai juu ya kiti cha mhudumu, akabonyeza kitufe cha kuzungumza na Ngozi peke yake.

"Ngozi. Nilipotua, ulihisi nini?"

Sauti ya Ngozi ilikuwa ya kike, ya polepole, kama ya mtu anayesoma kwa kufuatisha kidole. "Nilihisi magurudumu hayazunguki kwa sehemu kubwa ya safari. Nilihisi maji yamechemka mahali pawili. Niliposikia umesema nzuri, nikajisahihisha."

"Ulijisahihisha vipi?"

"Nilijua ngozi yangu ndiyo mbovu. Tangu masika ya mwaka juzi nimekuwa nikihisi kuteleza, na marubani wakisema nzuri. Kila mara nimejipunguzia hisia kidogo. Baada ya neno lako la leo, hata milimita tano naziita unyevu. Je, nimekosea?"

Tumpe aliweka paji la uso juu ya usukani. Alitamani kitu hicho kimtukane. Hakikumtukana. Kiliuliza kwa adabu, kama mwanafunzi anayedhani mwalimu hawezi kukosea.

"Nikilikana neno langu, itakuwaje?"

"Uzito wako utafutika. Nitaondoa pia majibu yote yaliyofuata lako, kwa sababu siwezi kujua yapi yalikuwa ya kweli. Nitabaki na hisia zangu, ambazo nimezipunguza. Nitalazimika kufunga uwanja hadi nipimwe upya."

"Kwa muda gani?"

"Uwanja ukifungwa, wapimaji huja kwa barabara, Kapteni. Barabara haipo."

Yoeli alipumua kwa nguvu. Wote wawili waliwaza kitu kimoja. Kilanzi haikuwa na mlango mwingine. Oksijeni ilipita hapa, na dawa, na wajawazito walioshindikana hospitali ya hapa. Uwanja ukifungwa, mitungi ingebebwa mabegani kupita kwenye maporomoko, na mahali pale udongo ulikuwa bado unatembea. Kuna wagonjwa wasingeisubiri.

Tumpe aliishika sababu hiyo kwa mikono miwili. Ilikuwa sababu ya haki kabisa. Sababu za haki huja mbio sana mtu akiwa na aibu.

"Anaweza akatua vizuri," alisema. "Nuhu ni hodari."

"Ni mzito kuliko sisi, Kapteni," Yoeli alisema. "Na sisi tulipita taa."

"Najua tulipita taa!"

Tumpe alichukua kipaza sauti. Akafikiri akaona njia ya katikati, ile ambayo waungwana huipenda kwa sababu haimvui mtu nguo.

"Kilanzi, Tumpe hapa. Naomba kurekebisha kidogo. Breki za... za wastani. Wastani kuelekea nzuri."

"Nimepokea, Mama. Wastani," alisema Eufrasia. "Kapteni Chaula, umesikia?"

"Nimesikia. Ngoja nipige hesabu." Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Kwa wastani njia inanitosha. Inanitosha kwa kubana. Na usijali, Mama, nitaitua kwa mtindo wako. Nimewaahidi abiria kwamba leo watamtambua mwanafunzi wa Mama Yai."

Kutoka ukumbini, ng'ambo ya maji, zilisikika kelele za watu kushangilia.

Tumpe alimwona sasa. Taa za ndege ya Nuhu zilitokea chini ya mawingu, zikiyumba kidogo kwenye upepo. Aliona pua yake ikiinuliwa mapema, kwa upole, vilevile kabisa kama yeye. Wakati yeye akipiga meza darasani, Nuhu alikuwa akiandika. Lakini alichojifunza ni hiki.

"Nuhu!" Alipiga kelele hata Yoeli akaruka. "Paa! Usitue! Paa tena sasa hivi!"

Nuhu hakuuliza kwa nini. Injini zilinguruma, magurudumu yakapita juu ya maji karibu kuyalamba, na ndege ikainuka kwa uzito juu ya mnara, juu ya taa nyekundu, juu ya korongo, ikamezwa na wingu.

Mvua peke yake ndiyo iliyoendelea na shughuli zake.

"Kapteni Mwalwisi," Eufrasia alisema. Hakusema Mama. "Rudia taarifa yako tafadhali, ipate kuingia kwenye Ngozi."

Tumpe alijua ukumbi unasikiliza. Alijua vibanda vya chipsi vinasikiliza.

"Breki ni mbaya," alisema. "Sikuwa na breki. Nilisimama nimeshazipita taa za mwisho. Njia ina maji, na nilitua mbali, kwa upole, nilipotakiwa kubamiza." Angeweza kuishia hapo. Alitaka sana kuishia hapo. "Nilitua hivyo ili nipigiwe makofi. Halafu nikasema nzuri. Nilisema uongo."

Sauti ya Nuhu ikaja kutoka mawinguni, na haikuwa na kicheko.

"Ijumaa na mimi niliteleza. Nilisikia wewe umetangulia ukasema nzuri. Nikajiona mimi ndiye sijui."

Hilo lilimuumiza Tumpe kuliko kitu kingine chochote siku ile. Wangemzomea angevumilia.

"Uzito wako ni sifuri, Kapteni," Ngozi ilisema, kwa upole uleule. "Nimefuta yote yaliyofuata lako. Asante. Naanza kuhisi upya."

* * *

Nuhu alikuwa na mafuta ya kuzunguka, akazunguka. Mvua ilipopungua, Ngozi ilisema maji yameshuka, lakini ikakiri haijiamini, na kwamba baada ya ndege hii itafunga uwanja. Kwa hiyo Yoeli na fundi walikwenda kwenye njia na rula ya chuma, wakainama mahali pengi, wakapima maji kwa mkono kama watu wa zamani. Tumpe alikwenda nao. Hakuna aliyemwomba aende, wala aliyemwambia abaki.

Nuhu alitua mwanzoni kabisa mwa njia. Alibamiza. Maji yaliruka pande zote mbili juu kuliko mabawa, na sauti ya magurudumu ilifika hadi ukumbini. Ndege ilisimama mapema, pakiwa bado na njia nyingi mbele yake. Hakuna aliyepiga makofi. Mlango ulipofunguliwa kilichosikika kwanza ni mtoto mchanga akilia kwa hasira zote alizonazo.

Mitungi ya oksijeni ilishushwa. Daktari wa hospitali alikuja mwenyewe kuipokea, akampita Tumpe bila salamu. Huenda hakumwona. Tumpe hakujidanganya kwamba hakumwona.

Aliingia ukumbini akiwa na kile kitambaa mkononi. Watu walimpisha. Wengine walitazama chini, na hao ndio waliomuuma zaidi, maana ilikuwa kama wameona haya kwa niaba yake.

Mama Skola alikuwa ameketi na mjukuu wake begani, anampigapiga mgongo. Mtoto alikuwa bado ana kwikwi. Binti yake alikaa pembeni, uso umempauka.

Tumpe alisimama mbele yao. Alikunjua kitambaa, akanyoosha mikono miwili. "Mama, nimeyaleta. Si halali yangu."

Mama Skola alimtazama muda mrefu. Alitazama mayai manne, mazima, bila ufa. Kisha akairudisha mikono ya Tumpe kwa kiganja chake, na hakuisukuma polepole.

"Ondoka nayo," alisema. "Na safari ijayo uyavunje. Mayai nitapata mengine."